Safari Ndefu Angani: Usiisahau Miguu Yako

Na Mwandishi Wetu

Ukitaka kuijua familia yetu ilivyo, nenda ukasimame mlangoni pa uwanja wa ndege siku anaposafiri mtu. Haji peke yake. Husindikizwa na mama, mashangazi, wajomba, watoto wa jirani, na dereva wa teksi ambaye kufikia hapo naye amekwisha kuwa ndugu. Sanduku limepimwa nyumbani kwa mizani ya kuazima, likafunguliwa, dagaa wakapunguzwa, likapimwa tena. Pasi imeulizwa mara kumi. Viza imeulizwa. Namba ya simu ya mwenyeji imeandikwa katika karatasi mbili, moja mfukoni na nyingine ndani ya mkoba. Lakini katika wasindikizaji wote hao ni nadra kumpata mmoja atakayemwuliza msafiri: Je, mwili wako umeuandaaje kukaa kitako saa kumi mfululizo?

Ndugu msomaji, swali hilo si la anasa. Zamani safari ya ndege ya masafa marefu ilikuwa jambo la mawaziri na mabalozi. Leo anayepanda ndege ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata bidhaa Guangzhou, ni mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu, ni mwanafunzi, ni hujaji, ni bibi aliyeitwa ughaibuni kwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Wengi wao hupanda kwa mara ya kwanza, na wengi huketi katika viti vya bei nafuu ambako goti la abiria hugusana na kiti cha mbele yake.

Adabu iliyotaka kumwua

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa mabibi hao. Alikaa na binti yake huko Ulaya miezi mitatu, akamlea mjukuu, kisha akarudi nyumbani. Katika ndege alipewa kiti cha dirishani, na kando yake waliketi wanaume wawili asiowafahamu. Kwa kuwa ni mwanamke mwenye haya, aliona ni vibaya kuwaamsha kila mara ili apite. Basi akaamua kutokunywa maji ili asipate haja ya kwenda msalani, akajifunika khanga, akaketi kwa adabu yake yote tangu ndege iliporuka hadi ilipotua.

Siku ya tatu baada ya kufika, mguu wake wa kushoto ukavimba. Jirani mmoja akasema ni uchovu wa safari. Mwingine akasema, kwa sauti ya chini, kwamba huenda amekanyaga kitu kibaya. Likaletwa beseni la maji ya moto, ikaletwa na chupa ya mafuta ya nazi, na mguu ukakandwa na kuchuliwa asubuhi na jioni kwa siku mbili. Siku ya tatu ya kuchuliwa alipanda ngazi nne tu za barazani akashindwa kuvuta pumzi, kifua kikimchoma kama aliyechomwa kisu. Ndipo alipokimbizwa hospitali.

Neno la kwanza la daktari lilikuwa: "Nani aliyewaambia muuchue mguu huu?" Ndani ya mshipa wa mguu damu ilikuwa imeganda na kuwa donge, na kipande cha donge hilo kilikuwa kimekatika na kusafiri hadi kwenye pafu. Shangazi alichomwa sindano za kuzuia damu kuendelea kuganda, kisha akameza vidonge kwa miezi kadhaa. Mungu alimjalia akapona. Lakini wapo ambao hawapati bahati hiyo, na wengine hufa bila ya jamaa zao kuijua sababu.

Kwa nini damu huganda

Moyo husukuma damu kwenda chini miguuni bila taabu. Shida iko katika kuirudisha juu. Kazi hiyo haifanywi na moyo peke yake, bali husaidiwa na msuli wa kigimbi. Kila unapopiga hatua msuli huo hujikaza, huibana mishipa iliyo ndani yake, na kuisukuma damu kuelekea moyoni. Katika mishipa hiyo mna vilango vidogo vinavyoizuia damu isirudi ilikotoka. Mtu anapoketi saa nyingi bila kujinyoosha, pampu hii husimama. Damu hujaa miguuni na kwenda polepole, na ukingo wa kiti nao huibana mishipa iliyo nyuma ya goti. Damu inayotuama, kama maji ya mtaro yaliyokosa njia, huanza kuharibika. Nayo huharibika kwa kuganda.

Jambo hili halikuanza na ndege. Mwaka 1940, London iliposhambuliwa kwa mabomu usiku baada ya usiku, maelfu ya watu walilala wakiwa wameketi vitini katika mahandaki ya kujikinga. Daktari mchunguzi wa maiti, Keith Simpson, aligundua kwamba vifo vya ghafla vitokanavyo na madonge ya damu mapafuni vilikuwa vimeongezeka mara sita vikilinganishwa na majira kama hayo ya mwaka uliotangulia. Watu walilikimbia bomu, wakauawa na kiti. Mwaka 1954 daktari mwingine, John Homans wa Boston, Marekani, aliandika habari za watu walioganda damu miguuni baada ya kukaa muda mrefu, wakiwamo waliokuwa wamesafiri kwa ndege.

Hapa pana kinaya cha maendeleo. Mwaka 1937 ndege za kutua majini zilizotoka Uingereza kwenda Durban zilipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Safari ilichukua siku kadhaa, lakini abiria walishuka kila kituo, wakatembea na kunyoosha viungo, na usiku wakalala kitandani. Mwaka 1952, ndege ya kwanza ya abiria yenye injini za jeti, Comet, ilipoanza kwenda Johannesburg, bado ilitua njiani mara kadhaa, Entebbe ikiwa mojawapo. Leo ndege huruka kutoka Addis Ababa hadi Guangzhou bila kugusa ardhi, mwendo wa saa kumi hivi. Tumeokoa siku nyingi, lakini tumekosa zile hatua chache za kutembea.

Hatari ni kubwa kiasi gani?

Tusitiane hofu bure. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu jambo hili. Lilieleza kwamba safari ya saa nne au zaidi, mtu akiwa ameketi bila kujongea, huongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili. Hata hivyo, kwa mtu mwenye afya, hatari yenyewe ni ndogo: kadiri ya mtu mmoja katika 6,000. Hatari huongezeka kwa kadiri safari inavyorefuka, na kwa anayesafiri mara nyingi katika muda mfupi.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine ambalo msomaji asiyetarajia kupanda ndege asilipite. Hatari ni ile ile katika basi, treni na gari dogo. Kwa hiyo mfanyakazi anayekwenda likizo Mwanza, Kigoma au Bukoba kwa basi, akabanwa kitini kutwa nzima na mzigo magotini, naye makala haya yanamhusu. Basi likisimama kwa ajili ya chakula, ashuke. Hata kama hana njaa, ashuke atembee.

Wapo ambao hatari kwao ni kubwa zaidi: aliyewahi kuganda damu au mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivyo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mgonjwa wa saratani, mwanamke mjamzito au aliyejifungua karibuni, mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na mtu mnene sana. Uchunguzi ule uliwataja pia watu warefu wanaozidi mita 1.90, na wafupi wasiofika mita 1.60. Mrefu hukunjwa na kiti. Mfupi miguu yake huning'inia, na ukingo wa kiti humkaba nyuma ya goti. Mama mfupi na aweke kitu imara chini ya nyayo ili magoti yainuke kidogo.

Nani amwone daktari kwanza

Ndege huruka kilomita kumi hadi kumi na mbili kutoka ardhini, mahali ambapo hewa ni nyepesi mno kwa binadamu kuishi. Kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani ya chumba cha abiria, lakini haishindiliwi ikafikia ile ya pwani. Mwili wako hujiona kama uko juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ni sawa na kuketi mahali fulani kati ya lango la Marangu, unapoanzia kupanda Kilimanjaro, na jiji la Addis Ababa. Mtu mzima wa afya hatambui tofauti. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, au mwenye upungufu mkubwa wa damu, anaweza kuona dhiki.

Wagonjwa wa siko seli waangalie zaidi. Hewa nyepesi na ukosefu wa maji mwilini ni mambo mawili yanayoweza kuwaamshia maumivu makali ya mifupa. Wasikatazwe kusafiri, bali wasisafiri bila ushauri wa daktari wao, na kampuni ya ndege ijulishwe mapema iwapo watahitaji oksijeni.

Mjamzito asiye na matatizo kwa kawaida huruhusiwa kusafiri hadi wiki ya 36, na mwenye mapacha hadi wiki ya 32. Kampuni nyingi hudai barua ya daktari tangu wiki ya 28. Mtoto mchanga asisafirishwe katika saa 48 za kwanza za maisha yake, na ni bora zaidi kungoja hata atimize juma moja.

Mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa au pumu asiziweke dawa zake katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Sanduku huweza kupotea, na insulini huweza kuharibiwa na baridi. Dawa zote zikae katika mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari.

Ndani ya ndege

Kwanza, chagua kiti. Ukiweza kuomba kiti cha kando ya njia, omba. Dirishani ni kuzuri kwa macho lakini kubaya kwa miguu. Mkoba mkubwa usiuweke mbele ya miguu yako, maana utaizuia isinyooke. Vaa nguo pana na viatu vinavyolegezeka, kwa sababu miguu yote miwili huvimba kidogo katika safari ndefu, na huo si ugonjwa.

Pili, jongea. Kila baada ya saa moja au mbili, taa ya mkanda ikiwa imezimwa, inuka utembee hadi nyuma ya ndege na kurudi. Ukiwa umeketi, kanyaga visigino na kuinua vidole, kisha kanyaga vidole na kuinua visigino, mara ishirini. Zungusha nyayo kulia na kushoto. Kaza misuli ya paja, hesabu tano, uilegeze. Usikalie mguu wala usikunje nne kwa muda mrefu. Jirani yako akikutazama, mweleze sababu. Yawezekana naye akaanza.

Tatu, zipo soksi maalumu za kubana miguu, zinazofika chini ya goti. Imeonekana kwamba huzuia madonge ya damu kwa wasafiri. Lakini lazima zipimwe zikutoshe, kwa kuwa soksi inayobana mahali pasipotakiwa huleta madhara badala ya faida. Wenye hatari kubwa hupewa sindano na daktari kabla ya safari. Usijitibu mwenyewe kwa kumeza aspirini, maana ina madhara yake tumboni.

Nne, kunywa maji. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake aghalabu hauzidi asilimia 20, jambo ambalo mtu wa pwani hajalizoea hata mara moja. Ndiyo maana koo hukauka, midomo hupasuka na macho huwasha. Kunywa maji kidogo kidogo mara kwa mara, paka mafuta midomoni, na kama huvaa lenzi machoni, vaa miwani siku hiyo. Ukipata haja, inuka uende. Safari ya msalani ni zoezi la bure. Pombe inayogawiwa ndani ya ndege usiikimbilie kwa sababu imelipiwa. Pombe na vidonge vya usingizi humlaza mtu kama gogo, naye gogo halijongei.

Tano, chagua chakula. Kwa vile mgandamizo wa hewa umepungua, hewa iliyo tumboni hutanuka kwa kadiri ya robo hadi theluthi. Aliyekula maharage, kabichi na soda kabla ya kupanda atayatambua maneno haya akiwa angani, na majirani zake watayatambua pia.

Masikio na watoto

Ndege inapoteremka kutua, mgandamizo huongezeka na masikio huziba. Meza mate, piga miayo, au tafuna kitu. Ikishindikana, funga mdomo, bana pua kwa vidole na upulize polepole, bila nguvu. Mwenye mafua makali ni heri aahirishe safari akiweza, kwani maumivu ya masikio yanaweza kuwa makubwa. Mtoto anyonyeshwe wakati ndege inaposhuka. Kunyonya ni kumeza, na kumeza huzibua masikio. Mtoto anayelia wakati huo si mkorofi, anaumwa.

Wengi huogopa kwamba hewa ya ndege hubeba magonjwa. Kwa kweli ndege kubwa za kisasa huibadilisha hewa mara 20 hadi 30 kila saa, na ile inayozungushwa tena hupita katika vichujio vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo. Hatari iliyopo hutokana na jirani anayekohoa karibu yako, na mikono iliyoshika meza, mikanda na vitasa. Basi nawa mikono kabla ya kula, kama nyumbani.

Saa ya mwili

Ukifika Guangzhou utakuta saa zao zimetangulia zetu kwa saa tano. Wao wanapolala saa nne usiku, mwili wako unasema ni saa kumi na moja jioni. Wanapoamka saa kumi na mbili asubuhi, mwili wako unasema ni saa saba usiku. Ukizidiwa na usingizi katikati ya mazungumzo ya bei, usishangae. Mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kwenda magharibi. Siku chache kabla ya safari anza kulala na kuamka mapema. Ukifika, kula na kulala kwa saa za wenyeji, na ukae kwenye mwanga wa mchana badala ya kujifungia chumbani. Usitie saini mkataba wala kuhesabu fedha nyingi siku ya kwanza. Mwenye kutumia insulini amwulize daktari kabla ya kuondoka jinsi ya kupanga sindano zake, kwa kuwa siku ya safari ya mashariki huwa fupi.

Ukisharudi

Safari haiishi ndege inapotua. Donge la damu huweza kujitokeza siku kadhaa, hata majuma kadhaa baadaye. Kwa hiyo zikumbuke dalili zake: mguu mmoja, tena aghalabu mmoja tu, kuvimba, maumivu ya kigimbi au paja, ngozi kuwa na joto au kubadilika rangi. Zikitokea, usiukande wala usiuchue. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kwamba ulisafiri, maana asipoambiwa huenda asifikirie. Na ikiwa pumzi imekatika ghafla, kifua kinachoma, au mtu anakohoa damu, hapo hapana kungoja asubuhi.

Shangazi amekwenda tena kwa binti yake mwaka uliofuata. Daktari alimpa ruhusa, dawa na masharti. Aliomba kiti cha kando ya njia, akavaa soksi zake za kubana chini ya gauni, akabeba chupa ya maji. Alituambia kwamba kila saa alisimama, akawaambia waliokuwa njiani: "Wanangu, nipisheni, naitembeza miguu." Hakuna aliyemwona mkosefu wa adabu. Wahudumu walimwita bibi, na kufikia usiku wa manane wazee wengine wawili walikuwa wakimfuata nyuma kwa mstari.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokwenda kumsindikiza mtu wako, muulize pasi, muulize viza, muulize na kilo za mzigo. Kisha, kabla hajaingia mlangoni, muulize na hili: Umeketi wapi, na utainuka mara ngapi?